Ushago wa Audrey

Kwamboka alikuwa amekaa Birmingham miaka tisa, na miaka hiyo yote aliamini kwamba Mzungu hana ushago, yaani kijiji cha kwao cha kurudi. Mzungu, kwa jinsi alivyomjua yeye, alizaliwa kwenye nyumba ya matofali, akazeekea humo, na siku moja gari jeusi likaja kumchukua. Mambo ya kwetu na kwenu, ya kusafirisha maiti usiku kucha ili mtu alale karibu na nyanya zake, hayo alidhani ni mzigo wa Mwafrika peke yake. Ndipo agensi ya kutunza wazee iliyomwajiri ikampeleka kumhudumia bibi mmoja mgonjwa pale mtaa wa Kingstanding, na wiki haikuisha kabla ya imani hiyo kuvunjika. Alikuwa akimchana nywele asubuhi wakati bibi yule, Audrey, alipomwambia, "Mimi si mtu wa hapa."

"Wewe ni wa wapi basi, mama?"

"Wixley."

Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja chakula alichokatazwa na daktari. Kwamboka alicheka hadi kitana kikamponyoka. Akauliza Audrey amekaa Kingstanding tangu lini. Tangu alipoolewa na Ronald, akajibiwa, miaka sitini na ushei. Ronald mwenyewe, dereva wa basi mstaafu mwenye masikio mazito, alipaza sauti kutoka jikoni akisema mwanamke huyo hajamaliza kufungua mabegi mpaka leo.

Jioni ile Kwamboka alimwambia mumewe, Jairus, kabla hata ya kuvua viatu.

"Baba Moraa, nimepata Mzungu ako na ushago."

"Wacha jokes."

"Haki ya Mungu. Na anai-miss kuliko wewe unavyo-miss Nyamira."

Jairus, ambaye kila Krismasi huapa kwamba ijayo wataenda nyumbani, alitia sukari kwenye chai yake mara ya pili. 

Tangu hapo, kazi ya kumwosha Audrey ikawa pia kazi ya kwenda Wixley. Maji ya moto yalipogusa mgongo wake tu, bibi alianza safari. Alimweleza habari za duka la kijiji ambalo mwenye nalo aliuza mafuta ya taa, stempu na peremende kwenye kaunta moja, hata barua zote zilizotoka Wixley zilinuka mafuta ya taa. Alimweleza shule ya chumba kimoja, yenye jiko la makaa katikati, na makoti ya watoto yaliyoloa yakitundikwa kulizunguka mpaka mwalimu haonekani kwa mvuke. Mwezi wa kuvuna viazi, shule ilifungwa na watoto wote wakapelekwa shambani.

"Sisi ilikuwa pareto," Kwamboka alisema akimkausha vidole vya miguu. "Tunachuma mpaka mikono inabadilika rangi."

"Mlilipwa?"

"Nani alipwe? Unachuma shamba la mama yako."

Audrey alifurahi sana kusikia hivyo. Alitaka kujua pareto ni mmea gani, na huchumwa vipi, na kama mama yake Kwamboka alikuwa mkali. Alikuwa mkali, Kwamboka akasema, na akabadilisha mazungumzo, maana habari za mama yake hakuzipenda kuzigusa asubuhi, kabla ya kazi nyingine tatu za siku.

Audrey hakuzaliwa Wixley penyewe, bali kwenye vijumba vya ng'ambo ya kijito, mahali ambapo zamani hapakuwa na barabara. Watu wa ng'ambo walikuwa na kijia kimoja tu, kinachokatiza mashamba hadi kanisani. Kila mmoja wao alikipita mara tatu kwa shughuli kubwa: akibebwa kwenda kubatizwa, akitembea kwenda kuoa au kuolewa, na mwisho akibebwa tena. Katikati ya njia kulikuwa na jiwe bapa, kubwa kama meza, na hapo ndipo waliobeba jeneza walipotua mzigo wakavuta pumzi. Mama yake Audrey alipita hapo, na nyanya yake, na mama ya nyanya yake.

Jumamosi moja ya kiangazi Jairus aliwapeleka Kwamboka, Audrey na Ronald huko Wixley kwa gari. Walipofika, Kwamboka aliona kijiji kizuri cha kupigwa picha, na hakuona mtu. Kila nyumba ilikuwa imebandikwa jina la kazi iliyokufa. Mlango mmoja umeandikwa Duka la Zamani, mwingine Shule ya Zamani, mwingine Karakana ya Mhunzi, na humo hamna mhunzi wala shule, ila magari ya bei ghali na maua kwenye vyungu. Audrey aliangalia kila mlango kama anayepiga hodi. Mtu pekee waliyekutana naye, mama mmoja mwenye mbwa, alitabasamu, akasema hali ya hewa ni nzuri, akapita. Hakumjua, na Audrey pia hakumjua.

"Wamekwisha," Audrey alisema.

Walimsukuma kwa kiti cha magurudumu, Jairus akitokwa jasho kwenye majani, hadi kwenye jiwe. Audrey aliweka kiganja juu yake. Akasimulia jinsi mama yake alivyotuliwa pale, siku ya mvua, naye akiwa msichana mdogo anayetembea nyuma na shada la maua.

"Nipitisheni hapa," alisema. "Nisiende kwa gari kama kabati linalohamishwa. Nipite hapa kama walivyopita wengine."

"Utapita, mama," Kwamboka akajibu.

Wapo watu ambao wakisema hivyo wanamliwaza mgonjwa tu. Kwamboka hakulelewa hivyo. Neno ulilompa mzee ukiwa umesimama juu ya ardhi ya kwao, hilo litakufuata mpaka ulitimize, na Audrey, kwa namna alivyomtazama, alionekana kulijua hilo.

Audrey alifariki Februari iliyofuata, alfajiri, Ronald akiwa ameushika mkono wake.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kwa Waingereza, mtu akifiwa hupewa kadi na nafasi. Kwamboka alijua hivyo vizuri, lakini alipomwona Ronald peke yake kwenye sofa, moyo wake ulikataa. Jioni hiyo hiyo Roselyne, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, nesi mrefu mwenye sauti ya kuamuru, aliingia Kingstanding na jeshi lake. Walikuja na thamosi, chapati, viti vya kukunja na vitabu vya nyimbo. Ronald aliuliza kama kuna sherehe. Jirani yake, Davinder, mama mjane aliyeishi ukuta kwa ukuta nao miaka thelathini, alikuja kuona kelele ni za nini, akarudi kwake kimya, kisha akaja tena na sufuria ya dengu. Kufikia wiki ya pili Ronald ndiye aliyekuwa akichemsha maji saa moja jioni na kuchungulia dirishani kama wamechelewa.

Tatizo lilikuwa ni kijia. Kampuni ya mazishi ilikubali kumzika Audrey Wixley karibu na mama yake, lakini ilisema wafanyakazi wake hawawezi kupita mashambani kwenye matope na jeneza mabegani. Gari lingemfikisha langoni ng'ambo ya kijito, na kama familia inao wabebaji wake, basi shauri lao. Ronald hakuwa na familia. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu zake wote walikuwa wametangulia. Alipouliza ni nani atakayembeba, aliuliza akitazama zulia.

"Hilo tuachie sisi, mzee," Kwamboka alisema.

Jairus alikusanya wanaume sita. Wengine walitoka Kingstanding hapo hapo, wengine mtaa wa Saltley, wote vifua vipana kwa kazi za bohari, na wote wamewahi kubeba wazee wao kule nyumbani. Walifanya hata mazoezi kwenye maegesho ya kanisa, wakibeba meza ya sadaka. Kwamboka aliwatazama na kulala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya mazishi kulikuwa na baridi kavu na jua jembamba. Gari jeusi lilisimama langoni, na magari ya Birmingham yakajipanga nyuma yake hadi kwenye kona. Wanaume sita walitoka wamevaa suti nyeusi, wakajipanga kwa kimo. Ronald aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki kifuani.

"Ni wema mkubwa," alisema. "Wema mkubwa sana."

Kisha akageuka, polepole, akaanza kuurudisha ule mfuko ndani ya gari.

Kwamboka alikuwa amefanya kazi na wazee wa Kiingereza muda wa kutosha kujua kwamba wakikuambia ni wema mkubwa sana, kuna kitu umeharibu. Akamfuata Davinder, ambaye alikuwa akijipangusa macho.

"Mna nini humo kwenye mfuko?"

"Vitambaa. Tulivipiga pasi jana, mimi na Ronald. Audrey alivishona mwenyewe kutoka shuka lake la harusi." Davinder alijigusa kichwani. "Huko kwao, mwanamke hubebwa na wanawake. Wanavaa vitambaa vyeupe kichwani. Mwanamume hubebwa na wanaume. Ronald alidhani wewe unajua. Wanawake wote wale mliokuja kila jioni, alidhani ndio ninyi mtakaombeba."

 Masimulizi yote yale, maji ya moto yote yale, na Audrey hakuwahi kulisema hilo, kwa sababu kwake lilikuwa wazi kama jua. Na Kwamboka hakuwahi kuuliza, kwa sababu kwao Kisii mwanamke hawekwi chini ya jeneza. Hulia, huimba, hupika, hutembea nyuma. Kila mmoja alidhani jambo lenyewe halina haja ya kusemwa.

Alimwendea Roselyne na kumwambia. Roselyne akarudi nyuma hatua moja.

"Tangu lini? Kwamboka, mimi nitaimba mpaka sauti iishe. Nitapika, nitalia. But ku-carry jeneza? Mama yangu akisikia atani-call hadi simu iungue."

"Wanaume wako hapa tayari," mmoja wa wale akina mama alisema. "Mzee hata hajakataa. Amesema thank you."

"Amesema thank you kwa sababu ni Mzungu," Kwamboka alisema. "Angalia mgongo wake."

Wote wakaangalia. Ronald alikuwa ameinama ndani ya gari, akiulaza ule mfuko kitini kwa uangalifu, kana kwamba una mayai.

Kuna jambo ambalo Kwamboka hakuwa amelisema kwa mtu yeyote isipokuwa Jairus. Mama yake, yule mkali wa pareto, alikufa mwaka wa korona, ndege zikiwa zimezuiwa. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, amejifungia chumba cha kufulia nguo kwenye makao ya wazee alikokuwa zamu. Aliona jeneza mabegani mwa binamu zake. Aliona migomba, na shimo, na udongo mwekundu. Jeneza lilipofika mdomoni mwa kaburi, mtandao ukakwama. Picha ilisimama hapo hapo, mama yake akiwa hayuko juu wala chini, na uliporudi, watu walikuwa wakila. Tangu siku hiyo, kila alipofumba macho, mama yake alikuwa bado hajateremka.

Alikwenda kwenye gari, akauchukua ule mfuko mikononi mwa Ronald, akatoa kitambaa kimoja, akajifunga kichwani.

"Mama Moraa," Jairus alisema kwa sauti ya chini, "uko sure?"

"Hapa si kwetu. Hapa ni kwao. Angekuwa anazikwa kwetu tungemzika kwa desturi yetu. Anazikwa kwao, nami nilimwahidi atapita kama walivyopita wengine. Sikumwahidi atapita kama tunavyopitisha sisi."

Jairus alimtazama mkewe, kisha akawageukia wenzake. "Ukienda kwa wenye chongo, funga lako jicho," alisema. "Vueni gloves. Sisi tumefutwa kazi."

Davinder alikuja wa pili. Alisema kwao Punjab pia wanawake hawabebi, na akaomba kitambaa. Akina mama watatu wa kanisani waliokuwa hapo wakafuata, wakitazamana. Akabaki Roselyne, amekunja mikono, anatikisa kichwa.

"Mimi ndiye mrefu," alisema mwishowe kwa hasira. "Nikikataa litalala upande. Leteni."

Ikabaki habari ya miguu. Wote walikuwa wamevaa viatu vya kanisani, vya visigino, na kijia kilikuwa tope tupu. Ni wakati huo walipogundua kwamba hawako peke yao. Watu wa Wixley walikuwa wametoka, wamevuka kijito wawili watatu, wakijiuliza magari yote haya yametoka wapi. Yule mama mwenye mbwa alisogea, akamwuliza Kwamboka kuna nini. Kwamboka alimweleza kwa ufupi. Mama yule alikuwa ameishi kwenye Duka la Zamani miaka kumi na miwili na hakuwahi kusikia habari za kijia wala vitambaa. Aliwatazama miguu, akasema wasubiri, akakimbia. Alirudi na jozi mbili za gambuti, buti ndefu za mpira. Watu wa Shule ya Zamani wakaleta nyingine, na wa kwa Mhunzi nyingine. Roselyne, kwa ukubwa wa mguu wake, aliishia kwenye gambuti za kijana mmoja, za manjano, zimechorwa bata. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa Jairus ilimbidi aende nyuma ya mti.

Bwana wa kampuni ya mazishi aliwaonyesha jinsi ya kushikana mabegani mkono kwa mkono. Akahesabu, wakainua. Audrey hakuwa mzito. Kilichowashinda kilikuwa hatua, kwa sababu kila mmoja alikwenda na mguu wake, na jeneza likayumba mpaka Ronald akafumba macho. Ndipo Roselyne akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa haraka, na wengine walipoudaka, miguu yao ilidaka pia, kushoto, kulia, gambuti zikifyonzwa na tope na kung'oka. Wanaume waliokosa kazi walitembea nyuma wakiitikia besi. Nyuma yao walikuja watu wa Wixley, kwanza wachache, kisha wote waliokuwepo.

Kwamboka alikuwa na ubao wa jeneza shavuni. Alisikia harufu ya vanishi. Alilia tangu langoni, bila kificho, na hakuwa na mkono wa kujifuta.

Penye jiwe wakatua. Hakuna aliyewaambia; bega lenyewe lilijua. Ronald alikuja akaweka kiganja pale ambapo mkewe alikiweka kiangazi kile.

"Alitaka kumbeba mama yake," aliwaambia, akihema. "Walimwambia ni mfupi mno, atalipindisha. Akapewa maua. Hilo lilimuuma maisha yake yote, kwamba hakumbeba." Aliwatazama wale wanawake sita, vitambaa vyao vimelegea, nyuso zimelowa. "Angewapenda sana kwa hili. Alikuwa akiwapenda hata kabla."

Wakainua tena. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia walipopanda mwinuko wa mwisho. Kasisi, mwanamke kijana, aliwapokea langoni, na ibada ikaenda kama zinavyokwenda ibada. Kisha wakamtoa nje, wakamteremsha kwa kamba karibu na jiwe lenye jina la mama yake.

Kasisi alipomaliza, watu wa Wixley walianza kuondoka taratibu kuelekea ukumbini kwenye chai. Huko kwao kaburi huachwa hivyo, lifunikwe baadaye na mtu wa kazi wakati wenye msiba wameshakwenda. Lakini Wakenya hawakusogea. Walibaki wamelizunguka shimo, wakisubiri, hadi mchimba kaburi akaona aibu, akauliza kama kuna kitu kimesahaulika.

"Hajafunikwa," Jairus alisema. Alivua koti akampa Kwamboka. "Hii sasa ni yetu. Tupe hizo sepetu."

Wale wanaume sita walivua makoti. Udongo ulianza kuingia, kwanza kwa kishindo juu ya mbao, kisha kwa sauti laini zaidi. Jairus alisimama kidogo akamwambia mkewe aende ukumbini akakae, amechoka.

"Siendi popote," Kwamboka alisema. "Ile ya Mama sikuiona."

 Jairus alihama upande wa pili, ili asimzibe.

Ronald, aliyekuwa ameshafika langoni, aligeuka kuona mbona wengine hawaji. Alirudi akiburuta miguu, akasimama, akaelewa. Akamkabidhi Davinder mkongojo wake, akanyoosha mikono. Wakampa sepetu. Alitia udongo kidogo, halafu kidogo tena, akairudisha.

Shimo lilijaa. Udongo ukapanda, ukawa tuta. Kwamboka akapiga magoti kwenye tope akalisawazisha kwa viganja, kutoka kichwani hadi miguuni, kama alivyokuwa akimnyooshea Audrey shuka asubuhi baada ya kumwosha. Alipomaliza alibaki hapo hapo magotini. Kisha akalia kwa sauti kubwa, kwa Kikisii, akimwita mama yake kwa jina, katikati ya kijiji cha Wixley, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.